Nani Alitenda? Sarufi ya Habari na Wajibu wa Jirani katika Mitaa ya Eastlands

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuuliza, kabla ya swali jingine lolote, ni nani anayesimulia na amesimama wapi. Swali hili tumeliuliza kuhusu riwaya, tenzi na ngano. Ni nadra tumelielekeza kwenye taarifa ya habari, labda kwa kuwa taarifa hiyo hudai kwamba haina msimulizi. Makala haya yanakusudia kulielekeza kwenye aina moja mahususi ya usimulizi, yaani habari za maandamano zinazotungwa na watu wa mtaani wenyewe katika Eastlands, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, kuanzia Pumwani na Kaloleni hadi Mathare, Korogocho, Dandora na Kayole. Suala letu ni la kimaadili, ingawa njia ya kulifikia inapitia kwenye sarufi. Tunashikilia kwamba mwandishi aliye jirani wa watu anaowaandika hubeba wajibu wa aina mbili ambao kwa mtazamo wa juujuu unapingana: kumtaja mtenda, na kumstiri jirani.

Tuanze na neno lenyewe. Maandamano yametokana na kitenzi andama, yaani fuata. Katika kauli ya kutendana, andamana ni kufuatana, kwenda pamoja. Lakini andama hiyohiyo hubeba pia maana ya kufuata kwa nia mbaya: mtu huandamwa na wadai, na mikosi, na askari. Mzizi mmoja, basi, unawabeba wanaofuatana barabarani na unambeba pia anayewafuata na rungu. Mwanahabari yuko wapi katika mnyambuliko huu? Hawezi kuyaandika maandamano bila kuyafuata, na akiyafuata kwa miguu katika barabara ya Juja au ya Jogoo, tayari yeye ni mmoja wa wanaofuatana. Gesi ya kutoa machozi haiulizi kitambulisho cha kazi. Umbali ambao vitabu vya uanahabari humtaka mwandishi auchunge ni umbali ambao kiwiliwili chake hakina.

Mitaa hii haikuanza jana kuandamana. Katika Ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alitoa wito wa uhuru wa Afrika Mashariki; serikali ya kikoloni ilipomkamata pamoja na Fred Kubai mwezi uliofuata, wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Miaka 40 baadaye, tarehe 7 Julai 1990, uwanja wa Kamukunji ulikuwa uwe mahali pa mkutano wa kudai vyama vingi ulioitishwa na Kenneth Matiba na Charles Rubia. Waitishaji walikuwa wamekwisha kutiwa ndani siku tatu kabla. Watu walikwenda vivyo hivyo, polisi wakawafyatulia risasi, na katika siku zilizofuata watu wasiopungua 20 wakauawa. (Wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu huuita mkutano wao wa hadhara kamukunji; jina la mahali limegeuka kuwa nomino ya kawaida, jambo ambalo watunga kamusi wetu wangefaa kulitazama.) Ni nani aliyeyaandika hayo? Redio ilikuwa ya serikali, kupitia KBC. Uandishi huru wa miaka ile ulipatikana katika majarida kama The Nairobi Law Monthly, Society na Finance, ambayo yote yalitolewa kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa ofisini na mahakamani. Ushujaa wao hauna shaka. Gitobu Imanyara, mhariri wa jarida la kwanza kati ya hayo, alikamatwa Julai iyo hiyo. Hata hivyo, mkazi wa Shauri Moyo aliyezikimbia risasi alibaki katika kurasa hizo nafsi ya tatu wingi. Alikuwa wao.

Kutoka wao hadi sisi palikuwa na safari ndefu. Vijana wa Korogocho walianzisha Koch FM mwaka 2006, studio yake ikiwa ndani ya kontena. Miaka michache baadaye Ghetto Radio ilikuwa ikitangaza kwa Sheng. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare nacho, ijapokuwa si chombo cha habari kwa maana ya sheria, kilitoa mwaka 2017 ripoti ya mauaji yaliyofanywa na polisi, iliyokusanywa na wakazi wenyewe, na jina la ripoti hiyo ni swali: nani anayefuata? Halafu ikaja simu yenye kamera, ikawa kila roshani ya Huruma ni chumba cha habari.

Tunapozisoma habari hizi pamoja na zile za vyombo vikubwa, kinachotofautiana kwanza ni kitenzi. Kiswahili cha habari kimejijengea njia nyingi za kusimulia mauaji bila muuaji. Watu "hufariki", neno ambalo asili yake ni kutengana na dunia, kana kwamba wamesafiri kwa hiari. Watu "hupoteza maisha", kama apotezaye funguo. Mambo hutokea katika "ghasia", "vurugu" na "purukushani", nomino ambazo hazimdai mtenda. Lililo zito kuliko yote, kwa maoni yetu, ni "makabiliano". Kauli ya kutendana huwasawazisha washiriki: wapigana wote hupiga, wakabiliana wote hukabili. Kijana mwenye chupa ya maji na askari mwenye bunduki huwa, kwa nguvu ya kiambishi -an- peke yake, pande mbili zilizo sawa. Hakuna aliyedanganya. Sarufi imefanya kazi ambayo mhariri angeona haya kuifanya waziwazi.

Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, wakati wa kafyu ya Korona, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Hayakuwa maandamano, lakini mfano huu unatufaa. Baadhi ya taarifa za mwanzo zilizungumzia risasi iliyopotea. Hebu msomaji aitafakari sitiari hiyo: risasi ni kiumbe, ina safari yake, imepotea njia, atakayelaumiwa ni nani ikiwa mpotevu ni risasi? Mwaka uo huo afisa mmoja wa polisi alishtakiwa kwa mauaji. Kati ya "risasi ilipotea" na "fulani alifyatua" pana umbali wote uliopo baina ya ajali na kesi, na waliousukuma umma kuuvuka ni wakazi waliokuwa barazani na madirishani usiku ule na ambao hawakukubali kiima cha sentensi kiwe kipande cha risasi.

Hata hivyo, wajibu wa kumtaja mtenda hauishii kwa polisi, na humfunga jirani kwa ukali uleule anapotaka kutia chumvi. Baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, tarehe 30 Juni 2024 Rais Ruto alitaja vifo 19. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitaja 39. Wakati huo huo, kuhusu Githurai, kando ya barabara ya Thika, ambako wakazi walieleza milio ya risasi usiku wa tarehe 25, mitandao ya kijamii ilikuwa ikienezwa hesabu kubwa mno zisizo na majina wala maiti. Anayesema "mamia" pasipo kuhesabu hamtetei aliyekufa. Anampa msemaji wa serikali kanusho lililo tayari. Jirani ana nafasi ambayo mwanahabari wa mbali hana, ya kugonga mlango na kuuliza ni nani hakurudi nyumbani.

Tufikie sasa upande wa pili, ambao ni mgumu zaidi. Picha ya maandamano ina nyuso. Mwaka 2024 waandamanaji walizianika nyuso zao bila hofu, tena wakijirekodi wenyewe. Kuanzia Juni hadi Desemba mwaka huo tume tuliyoitaja ilinakili visa 82 vya watu kutekwa au kutoweshwa. Hatudai kwamba kila mmoja wao alitambuliwa kwa picha. Lakini mwandishi anayeishi Kayole hawezi tena kuichukua sura ya mtoto wa jirani kama rangi ya kupambia habari. Kwa mgeni, uso ule ni wa mwandamanaji tu. Kwa wakazi wa ploti ile, uso ule una jina, mlango, na mama anayeuza mboga pale nje.

Mtu atapinga kwamba huu ni upendeleo: mwandishi anamfichua askari na kumficha mwandamanaji, kisha anajiita huru. Pingamizi hili lina nguvu, nasi hatutalijibu kwa kusema kwamba mnyonge ana haki siku zote. Jibu letu ni kwamba nyuso hizo mbili si za aina moja. Askari ameazimwa nguvu na umma, na sare pamoja na nambari yake ni stakabadhi ya mkopo huo. Kumwonyesha ni kumdai mkopaji. Mwandamanaji anatumia kilicho chake, kwa mujibu wa kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010. Inashangaza basi kwamba mwaka 2024 na 2025 waliokuja mitaani wamevaa kiraia na kuziba nyuso walikuwa maafisa wa usalama. Filamu ya BBC, Blood Parliament, ya Aprili 2025, iliwatambua baadhi ya waliofyatua risasi pale Bungeni kwa kuchambua zaidi ya picha na kanda 5,000, nyingi zikiwa zimepigwa na watu waliokuwapo. Picha zilezile zingeweza kuchambuliwa na mtu mwingine kwa kuwasaka waandamanaji. Chombo ni kimoja.

Lakini jirani si mwandamanaji peke yake. Mwenye duka la rejareja ambaye vijana wamemvunjia na kubeba hadi friji ni jirani vilevile. Hapa mwandishi wa mtaani hushawishika kurudia sarufi aliyoilaani: "maduka yaliporwa". Na nani? Tukimdai mhariri wa mjini aseme polisi waliua, hatuna budi kusema vijana wa mtaa huu walipora, kwa kauli ya kutenda na kwa sauti ileile. Je, na nyuso zao? Tunasita, na sababu ya kusita kwetu inahusu serikali kuliko wezi. Pale ambapo picha ya mshukiwa humfikisha mahakamani, mwenye duka anastahili picha. Ikiwa yaweza kumfikisha kwenye risasi ya usiku au mikononi mwa umati wenye tairi, mwandishi anayeichapisha anashiriki katika hukumu. Mwenye duka ndiye anayelipa gharama ya kusita huku, na ni dhuluma kujifanya hatumwoni.

Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert aliwatuma wajumbe wake nje ya nchi, wakarudi na habari njema wakatiwa gerezani. Karama anawasimulia mbele ya baraza. Masaibu ya wajumbe wale yalitokana na kurudi. Mjumbe wa Dandora hana safari ya kurudi kwa kuwa hakuondoka. Anawaandika watu atakaokutana nao kesho bombani, na baadhi yao ni polisi waliopanga chumba katika jengo hilohilo.

Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo visitangaze maandamano moja kwa moja, mitambo ya NTV na KTN ikazimwa, na Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo siku iyo hiyo. Katika saa hizo za giza picha zilizoendelea kusafiri zilikuwa za simu. Nyingine zilifunikwa nyuso kabla ya kurushwa, kama tulivyopendekeza. Lakini kanda ya asili, isiyofunikwa, haipotei: imo ndani ya simu, katika chumba cha kupanga huko Umoja au Kariobangi, na mwenye simu hana wakili wa kampuni wala kabati la chuma. Siku uchunguzi wa kifo utakapofunguliwa, mahakama itaihitaji kanda ile nzima, na nyuso zote zilizomo, ya muuaji na za waliokuwa wakikimbia. Ni nani atakayeitunza hadi siku hiyo, na kwa idhini ya nani, ni jambo ambalo sheria zetu za habari, zilizowafikiria wahariri na makampuni, bado hazijalitungia kanuni.