Mtoto na Kitabu cha Meli Iliyozama

Riwaya ya Titanic haina mwisho wa kushtukiza. Mtoto anayeifungua tayari anajua kwamba meli itagonga mwamba wa barafu, na kwamba watu wapatao 1,500 watakufa katika maji ya baridi usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912. Hata hivyo anaisoma kwa hamu, ukurasa kwa ukurasa. Mzazi anayemtazama anaweza kujiuliza kama ni vema mtoto wa kijiji chetu cha Katogota, aliyezaliwa mahali palipokwisha kuona misiba, apewe tena msiba wa watu wa mbali. Nimelifikiria sana swali hili. Jibu langu ni kwamba apewe, ila asiachwe nao peke yake.

Kitabu ninachokisemea ni cha Erik Fosnes Hansen, Mnorwe aliyekitoa mwaka 1990 akiwa bado kijana, na ambacho sisi wa huku tunaweza kukisoma kwa Kifaransa kwa jina la Cantique pour la fin du voyage. Kinahusu wanamuziki wa meli hiyo. Titanic halisi ilikuwa na wanamuziki wanane, kiongozi wao akiitwa Wallace Hartley, na hakupona hata mmoja. Fosnes Hansen hakuwatumia hao. Alibuni wengine, akawapa majina yake, kisha akafanya jambo lililonishika: badala ya kuikimbilia barafu, alirudi nyuma kwenye utoto wao. Kurasa nyingi za riwaya hii haziko baharini kabisa. Ziko katika nyumba za miji ya Ulaya, katika yale ambayo wazazi waliwafundisha watoto wao, waliyowanyima, na waliyoondoka duniani bila kuwaambia. Msomaji anapofika kwenye usiku ule hamwoni tena mpiga fidla aliyekufa baharini. Anamwona mtoto wa fulani, aliyelelewa hivi, aliyependa hiki na kuogopa kile.

Sisi wa Katogota tunalihitaji somo hilo kuliko watu wengi. Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Luvungi, na mto Ruzizi uko karibu. Tarehe 14 Mei 2000 watu wenye silaha waliwaua wakazi wa hapa. Watoto waliozaliwa baadaye wanaijua tarehe hiyo. Wanajua kwamba kulikuwa na vifo, na wanajua ni siku ipi wakubwa hunyamaza. Zaidi ya hapo wengi wao hawajui kitu. Waliokufa wamebaki kuwa tarehe tu, na watu waliogeuka tarehe ni vigumu kuwalilia na ni vigumu pia kuwapenda.

Ninaamini kwamba ni wajibu wa mlezi kumrudishia mtoto watu hao wakiwa hai. Mtoto aambiwe kwamba huyu unayesikia jina lake alikuwa na shamba la mpunga pale chini, alikuwa mkali juu ya maji ya mfereji, alicheka kwa sauti kubwa, aliwahi kugombana na babu yako kwa ajili ya ng'ombe na wakapatana. Aambiwe ni nyimbo gani walizipenda kanisani, nani alikuwa mshonaji, nani alikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Kifo chao kina nafasi katika masimulizi, lakini kisiwe sentensi ya kwanza wala sentensi pekee. Mtoto anayewajua marehemu wake kwa maisha yao hupata jamaa. Yule anayewajua kwa kifo chao tu hurithi hofu, na hofu ya namna hiyo watu wengine wanajua jinsi ya kuitumia.

Najua kwa nini wazazi hunyamaza. Wananyamaza kwa sababu wanapenda, na kwa sababu kidonda chao wenyewe hakijapona. Siwezi kumlaumu mama ambaye sauti yake hukatika kila akitaka kuanza. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na nimeona jinsi ukimya wa wakubwa unavyowafanya watoto wajaze pengo kwa maneno ya barabarani, maneno ya kabila fulani na kabila fulani, yasiyo na mtu ndani yake. Na tusijidanganye kwamba tunawakinga. Mwezi Februari 2025 watu wa bonde hili walivuka Ruzizi kwa makumi ya maelfu kwenda Burundi, na wengi wao walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Watoto walikuwa mgongoni na mkononi. Waliyaona maji, wakaisikia milio ya risasi, wakaona wazazi wao wakiogopa. Kitabu hakitawaletea huzuni wasiyoijua. Kitawapa maneno ya kuisemea, na kitampa mzazi mahali pa kuanzia ambapo si kwake mwenyewe. Ni rahisi zaidi kuanza na mwanamuziki wa meli ya mbali, kisha polepole kufika nyumbani.

Kuna atakayesema kwamba hajui Kifaransa, au kwamba hakusoma. Hilo si kizuizi, tena kwangu lina faida yake. Mtoto asome kwa Kifaransa cha shuleni, halafu amsimulie mama kwa Kiswahili au Kifuliiru, hapo jikoni, wakati sombe inachemka. Mama aulize: huyo baba yake alikuwa mtu wa namna gani? Kwa nini hakumwandikia barua? Wewe ungefanyaje? Mtoto anayejibu maswali hayo ameelewa zaidi ya yule aliyesoma peke yake akiwa na tochi ya simu. Na kwa kuwa nasema juu ya jikoni, niseme na hili: wasichana wetu hutumwa kisimani na kwenye kuni katika saa ileile ambayo kaka zao wanaambiwa wakae wasome. Mzazi anayetaka kulea kwa kitabu aanze kwa kuigawa upya kazi ya jioni.

Umri nao ni jambo la kupima. Mtoto mdogo asimuliwe kwa mdomo, kwa kifupi, akiwa ameegemea mkubwa. Aliyefika darasa la sita na kuendelea anaweza kushika riwaya yenyewe. Akisema imetosha leo, imetosha.

Upo wajibu wa pili, na huu ni mgumu zaidi kwetu tulio watu wa dini. Mtoto akimaliza kitabu cha Titanic atauliza kwa nini. Ni rahisi kumjibu kwamba ni mapenzi ya Mungu, kisha tukafunga. Lakini Titanic ilikuwa na mashua 20 za kuokolea zenye nafasi ya watu 1,178, na ndani ya meli walikuwemo watu wapatao 2,200. Tena haikuvunja sheria: kanuni za Uingereza za mwaka 1894 zilihesabu mashua kwa ukubwa wa meli, ngazi ya juu kabisa ikiwa ya meli za tani 10,000 na zaidi, na Titanic ilikuwa na tani 46,000. Watoto wa daraja la pili waliokolewa wote. Wa daraja la tatu, watoto wa maskini waliokuwa wakihamia Marekani, zaidi ya nusu yao walikufa. Mtoto wetu anastahili kuambiwa hayo, kwa sababu barafu haikuchagua daraja. Watu ndio waliopanga nani alale wapi, na ni mlango gani ulikuwa karibu na mashua.

Akishayajua ya mbali, aambiwe ya maziwa yetu. Desemba 2014 MV Mutambala ilipinduka katika Ziwa Tanganyika, wakafa watu zaidi ya 120, na iliripotiwa kwamba upepo ulikuwa mkali na meli imejazwa kupita kiasi. Tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, MV Bukoba yenye nafasi ya abiria 430 ilizama na watu zaidi ya 800 wakafa. Mungu hakuuza tiketi hizo. Msichana aliyelelewa kuuliza ni nani aliyehesabu abiria ndiye atakayesimama siku moja pale Kalundu, kwenye bandari ya Uvira, na kukataa kupanda boti iliyojaa hata kama nauli amekwisha kulipa. Watu wazima watamwita mkaidi. Mzazi wake asimame upande wake.

Na kuna meli moja ambayo wazazi wa pwani hii wangeweza kuisimulia bila kitabu. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa kwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na tangu 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba. Alex Capus ameandika riwaya juu ya mafundi walioijenga, iliyotoka mwaka 2007. Lakini habari yake nyingine haimo humo. Mwaka 1997 UNHCR iliitumia Liemba kuwarudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira. Watoto waliokaa juu ya sitaha ile wakiwa na vyungu na mikeka ya wazazi wao ndio wazazi wa leo. Wengi wao hawajawahi kuwaambia watoto wao kwamba walisafiri hivyo, walikula nini, nani aliwapokea, na nani aliyebaki ng'ambo.

Watakapoanza kusimulia, mtoto atauliza pia juu ya 14 Mei, na atataka kujua ni nani waliofanya. Mzazi amjibu kwa uangalifu: haya niliyaona kwa macho yangu, haya niliambiwa na jirani niliyemwamini, haya nilisikia tu. Asimtajie kabila kama jibu. Amtajie watu, na pale asipowajua aseme hawajui.