Jirani Yetu Amekula Nini Leo?

Katika chuo chetu tuna desturi ya kuwafundisha watoto Kiarabu kwa maswali ya mambo wayajuayo. Badala ya kuwakaririsha majina ya miji wasiyopata kuiona, twawauliza: umeamka saa ngapi, umesali wapi, umekula nini adhuhuri. Swali la chakula ndilo walilokuwa wakilipenda zaidi. Kila baada ya Alasiri mikono huinuka. Huyu asema wali wa nazi na mchuzi wa papa, huyu asema sima na mchicha, na siku ya Ijumaa darasa zima huwa ni biriani na pilau.

Palikuwa na mtoto wa miaka 9 ambaye jawabu lake lilikuwa moja tu kwa muda wa mwezi mzima: wali na samaki. Alilitamka vizuri, na mwisho wa kila neno akaupa haki yake kama sarufi itakavyo, nasi tukamsifu mbele ya wenziwe. Siku moja akaja na nduguye wa kike, mtoto wa miaka 5, ambaye Kiarabu bado hakijui. Tukamwuliza kwa Kiswahili. Akasema, "Chai." Tukamwuliza, na jana? Akasema, "Chai." Yule kaka akainamisha kichwa juu ya daftari yake, wala hatukuuliza tena.

Watoto wale si wa mbali. Twapanda nao ngazi moja; wao wako juu yetu, na miguu yao twaisikia darini usiku na mchana. Baba yao alikuwa na kazi katika malori ya mizigo, kazi ambazo zimepungua sana hapa Mombasa tangu mwaka 2018 makontena yalipoanza kupelekwa bara kwa reli mpya. Tangu hapo ni mtu wa vibarua, leo apata na kesho akosa. Tukimkuta ngazini twamwamkia naye hutuitikia kwa uso mkunjufu, amevaa kanzu safi. Nasi tulikuwa tukirudi msikitini adhuhuri tukakuta sinia limefunikwa kawa, tukala, tukajinyosha kidogo, kisha tukaondoka kwenda kumfundisha mwanawe neno la Kiarabu la samaki.

Neno la kwanza lililotujia moyoni lilikuwa "Hatukujua." Nalo ni neno la kweli, kwani hatukujua. Ambalo twataka kulitazama hapa ni kama neno hilo lamtosha mtu mbele ya Mola wake.

Imepokewa kwa Anas, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, ya kwamba Mtume (S.A.W.) amemkanushia imani mtu alalaye hali ameshiba na jirani yake ubavuni mwake ana njaa, naye ajua. Imepokewa pia kwa Ibn Abbas kwa maana iyo hiyo, lakini bila ya nyongeza ile ya kujua. Mwenye kutafuta udhuru hapana shaka atalishikilia lile neno la "naye ajua", aseme: mimi nimetoka katika lawama hii, kwani sikuwa na khabari. Na ni kweli ya kuwa sheria yetu haimkalifishi mtu lisilokuwa katika uwezo wake. Lakini kuna kutojua kwa aliyefungiwa mlango, na kuna kutojua kwa aliyeufunga yeye mwenyewe. Je, haya mawili yatakuwa na hukumu moja?

Maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi hawakuliacha jambo hili bila ya kulisema. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaj ya kuwa kumlisha mwenye njaa na kumvisha aliye uchi ni katika faradhi za kutoshelezana, ikiwa haja yao haikuondoshwa na zaka wala Baitul-mali. Kisha katika Rawdha amebainisha ni nani mwenye dhambi faradhi kama hiyo ikiachwa. Amesema ya kuwa dhambi ni ya kila aliyejua akaweza asitende. Na si huyo peke yake, bali hata asiyejua, ikiwa alikuwa karibu na mahali penyewe kwa kadiri ambayo ilimpasa atazame na aulize. Twamwomba msomaji ayarudie maneno haya. Ujirani wenyewe umefanywa kuwa ni sababu ya kuulizwa. Aliye mtaa wa pili huenda akapata udhuru, lakini sisi ambao miguu ya watoto twaisikia darini, udhuru wetu tutautoa wapi?

Na kama mtu ataona haya ni maneno ya vitabu tu, basi aitazame khabari ya Sayyidna Umar bin Khattab iliyosimuliwa na Aslam, mtumwa wake aliyemwacha huru. Walitoka usiku nje ya Madina, hata wakafika Sirar, wakaona moto kwa mbali. Umar akawasalimu kwa kuwaita watu wa mwangaza, akichukia kuwaita watu wa moto. Walimkuta mwanamke na watoto wake wanalia na sufuria iko juu ya meko. Akauliza wanalilia nini. Akaambiwa ni njaa. Na ndani ya sufuria mna nini? Akaambiwa ni maji, nawanyamazishia hayo mpaka walale; na Mwenyezi Mungu atatuhukumu baina yetu na Umar. Naye hamjui aliye mbele yake. Umar akamwambia, Mwenyezi Mungu akurehemu, Umar atajuaje khabari zenu? Yule mama akamjibu ya kuwa vipi atashika mambo yetu kisha aghafilike nasi.

Khabari hii husimuliwa sana katika mawaidha yetu, na kwa kawaida msimulizi hupita mbio hapa apate kufika kwenye gunia la unga ambalo Umar alilichukua mgongoni mwake mwenyewe, akakataa Aslam asimchukulie, kwa kuwa siku ya Kiyama hapana atakayemchukulia mzigo wake. Lakini sisi twaona uzito wote uko katika lile swali na jawabu lake. Umar alitoa udhuru ule ule tuliokuwa nao sisi. Na mwanamke yule, ambaye hapana ajuaye jina lake, hakuukubali. Wala Umar hakumjadili, hakusema Madina ni kubwa na usiku ni mrefu. Alikwenda mbio kwenye ghala la unga, akarudi, akapuliza moto kwa kinywa chake hata moshi ukawa wapita katika ndevu zake, akawapikia, wala hakuondoka mpaka alipowaona watoto wamecheka na kulala.

Atatokea mtu aseme: Umar alikuwa ni Khalifa, nasi si watawala. Jawabu letu ni kuwa Nawawi hakumtaja mtawala. Amemtaja aliye karibu. Mtu hapati kuwa karibu kwa kutawazwa. Huwa karibu kwa kupanga chumba.

Sasa tutazame jinsi kutojua huku kunavyotengenezwa. Zamani katika Mji wa Kale moshi wa kuni na harufu ya nazi ikiungua haikuwa siri ya mtu. Aliyepika alijulikana na asiyepika alijulikana. Leo twaishi katika maghorofa, milango ya chuma imefungwa, twapikia gesi, na wengine hawapiki kabisa, huletewa biriani na kijana wa bodaboda imefungwa vizuri isitoe hata harufu. Haya si haramu. Lakini kila kimoja kimetuondolea njia moja ya kujua, nasi hatukuweka nyingine mahali pake. Mwezi wa Mei mwaka 2020, katika Ramadhani ya maradhi ya korona, serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale, tuliona watu wasiojuana majina wakiulizana madirishani kama kuna unga ndani. Njia zilipofunguliwa madirisha nayo yakafungwa.

Hata hivyo hatuungani na wale wasemao kuwa zamani yote ilikuwa njema. Wazee wetu wamezoea kuzisifu sahani zilizokuwa zikipita nyumba kwa nyumba kabla ya Adhuhuri, na kweli ni desturi nzuri. Lakini ndani yake mlikuwa na sharti lisiloandikwa, kuwa sahani hairudi tupu. Ukiletewa samaki wa kupaka, nawe siku ya pili warudisha sahani na tambi au mkate wa mayai. Basi sahani zilizunguka baina ya wenye cha kurudisha. Ama mjane asiye na kitu, mara ya kwanza alipokea, mara ya pili akaona haya, mara ya tatu alisema kwao washapika, na sahani ikampita. Tumeambiwa haya na mama mmoja wa makamo ambaye utoto wake ulipita hivyo. Ilikuwa ni hidaya kwa jina, na kwa hakika ilikuwa karibu na biashara ya mabakuli. Na hali Mtume (S.A.W.) amewakataza wanawake wa Kiislamu wasidharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni ukwato wa mbuzi, maana yake anayetoa asione haya kwa uchache, na anayepokea asione deni.

Abu Dharr naye aliusiwa ya kuwa akipika mchuzi azidishe maji na awaangalie jirani zake. Hakuambiwa azidishe nyama. Maji hayana bei ya kumzuia mtu. Na twaona pia kuwa maji hutiwa wakati sufuria ingali motoni. Kwa hivyo jirani amehisabiwa kabla ya chakula kuteremshwa, si baada ya wenyewe kushiba. Makombo yetu ya saa tisa, yaliyokwisha poa, si katika wasia huu.

Bibi Aisha aliuliza ana jirani wawili, ampe nani. Akaambiwa aliye mlango wa karibu. Ibn Hajar katika Fat-hul Bari ametaja katika hekima zake kuwa wa karibu huona vinavyoingia nyumbani kwa jirani yake, akavitamani. Nasi twaongeza kuwa watoto ndio waonao zaidi, na ndio wasioweza kuficha.

Lakini hapa pana jambo zito, ambalo kwa haki hatuwezi kuliruka. Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratul Hujurat tusipelelezane. Na katika Suratul Baqara, aya ya 273, amewasifu mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa vile wanavyojizuia, wala hawawang'ang'anii watu kwa kuomba. Sitara hii ni mali yao, na huenda ikawa ndiyo mali pekee waliyobaki nayo. Mtoto yule aliyesema wali na samaki hakuwa akitudanganya sisi. Alikuwa akimsitiri mama yake. Tukiingia kwa watu na kufunua masufuria yao tutakuwa tumewalisha mchana na kuwavua nguo. Na wako leo wagawao mifuko ya unga kisha wakampiga picha aliyepokea, zikazunguka katika simu za mji mzima kabla unga haujakandwa. Hao hatujui wamlisha nani.

Lakini aya iyo hiyo yasema ya kuwa wajulikana kwa alama zao. Basi kujua kupo, ila ni kujua kwa mwenye kutazama, si kwa mwenye kupekua. Mwenye duka ajua ni nani aliyekuwa akichukua mchele kilo mbili na sasa achukua majani ya chai na sukari ya kupimiwa. Deni la dukani laweza kulipwa na mtu asiyetajwa. Mwalimu ajua ni mtoto gani asinziaye baada ya Alasiri. Nasi tulikuwa tukimwona asinzia, tukamhisabu ni mvivu.

Yatubidi tuseme na kosa letu la pili, kwani lilikuwa baya kuliko la kwanza. Siku ile ile, kwa haraka ya kutaka kujitoa lawamani, tulifunga chakula tukampa mwanafunzi mkubwa akipeleke juu. Akakipeleka, na wenziwe wakamwona, wakauliza. Siku mbili mfululizo wale watoto hawakuja chuoni.

Ahali yetu ndiye aliyetengeneza tuliyoyaharibu, wala hatukumshauri sisi. Alipanda mwenyewe asubuhi, akabisha hodi, akamwambia mama yao kuwa mbuzi yetu ya kukunia nazi imevunjika meno, je, atamuazima yake? Mbuzi yetu ilikuwa nzima. Mama yule alifurahi, akaipangusa, akampa. Kabla ya Adhuhuri ahali yetu akairudisha, na juu yake bakuli la mchuzi na sinia la wali, akasema nazi imekuniwa kwa mbuzi yako, hatuwezi kula peke yetu. Siku ya pili akapanda tena kuazima chungio. Katika Suratul Maun wamelaumiwa wenye kuzuia vyombo vidogo vya kuazimana; hatukupata kufikiri kuwa yuko atakayeazima ili apate mlango wa kutoa.

Siku ya tatu watoto walirudi. Bakuli nalo lilirudi, ndani mna ndimu nne. Hatukusema haina haja. Tulizikamua katika mchuzi adhuhuri ile, na ahali yetu akapanda kushukuru.

Swali la chakula tumeliondoa katika somo letu. Sasa twawauliza watoto ni kitu gani wamekiona njiani.