Ramli, Tayamamu na Mchanga wa Igalula

Igalula ni kata ya Wilaya ya Uyui iliyo kwenye Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Tabora, na mchanga wake ndio udongo mwepesi unaopendwa na wakulima wa tumbaku, tofauti na udongo mweusi wa mbugani unaonata kwenye jembe. Neno mchanga ni la Kibantu, ndugu wa mũthanga wa Kikikuyu. Ramli, kwa upande wake, limetokana na raml, neno la Kiarabu lenye maana ileile, nalo lilienea bara pamoja na Kiswahili cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19.

Ramli hapo asili ni fani ya hesabu. Mpiga ramli hutandaza mchanga, akatia kwa kidole mistari ya nukta bila kuzihesabu, kisha akazifuta mbili mbili mpaka zibaki mbili au ibaki moja. Mistari minne hufanya umbo moja, na kwa kuwa kila mstari una matokeo mawili tu, maumbo yote hayazidi 16, kila moja likiwa na jina na tafsiri yake. Wenye fani hiyo huinasibisha na Nabii Idrisa. Hata hivyo, kidole kisichohesabu hutoa bahati nasibu, na hesabu inayofuata, hata ikifanywa kwa usahihi kamili, haiwezi kuzaa habari ambayo haikuwamo tangu mwanzo. Na aya ya mwisho ya Sura Luqman inasema wazi kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho wala itafia ardhi gani.

Dini hiyohiyo inayokataza kuuliza ghaibu, yaani mambo yaliyofichika, inamwamuru Muislamu aliyekosa maji aiguse ardhi. Hiyo ndiyo tayamamu, iliyotajwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 43, na Al-Maida, aya ya 6: mtu hupiga viganja juu ya ardhi safi, akapangusa uso na mikono. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wanashurutisha udongo wenye vumbi, hivyo mchanga mtupu usio na vumbi hautoshi, ilhali Mahanafi na Wamaliki wanakubali mchanga wowote na hata jiwe. Jambo la kuzingatia ni kwamba tayamamu kwa Kiarabu maana yake ni kukusudia: jina halitaji udongo, linataja nia.

Ramli imekwenda njia nyingine. Siku hizi kupiga ramli ni uaguzi wa aina yoyote, hata ule wa kupasua kuku unaojulikana tangu zamani kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Mchanga umetoka, madai ya kujua yamebaki. Baya kuliko yote ni ramli chonganishi, inayomtaja jirani kuwa mchawi, ambayo katika kanda hii imewaponza vikongwe wasio na hatia, wengine kwa sababu tu ya macho yaliyo mekundu kwa moshi wa jikoni. Januari 2015 serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, lakini marufuku peke yake hayatoshi palipo na watu wanaoamini kwamba ramli ni elimu. Masheikh, mapadri na walimu wanawajibika kulisema hili bila kumung'unya maneno: anayemtaja mtu kwa ramli ametoa ushahidi wa jambo asiloliona, na ushahidi wa namna hiyo haukubaliki msikitini, kanisani wala mahakamani.