Yakini Inapimwaje?

Mwaka 1641, René Descartes aliazimia kutilia shaka kila alichowahi kukiamini. Alipofikia mikono yake mwenyewe akasita: kuikana, aliandika, kungemfananisha na wendawazimu wanaodai ni wafalme, au kwamba miili yao ni ya kioo. Akawaacha, akaendelea na hoja ya ndoto.

Karl Jaspers, daktari wa akili wa Heidelberg aliyekuja kuwa mwanafalsafa, hakuwaacha. Mwaka 1913 alieleza kuwa imani potofu ya mgonjwa hushikwa kwa yakini ya ajabu, isiyotikiswa na hoja wala tajiriba.

Je, kasoro ni ya mantiki? Mwaka 1988, watafiti wa London waliwapa watu fumbo la mitungi miwili: mmoja una shanga 85 za rangi moja na 15 za nyingine, wa pili kinyume chake. Shanga zikitolewa mojamoja, mtu aseme zinatoka mtungi upi. Wagonjwa wenye imani potofu walikata shauri mapema kuliko wengine. Ajabu ni kwamba hesabu haiwasuti: shanga mbili za kwanza zikiwa za rangi moja, uwezekano wa kupatia ni asilimia 97.

Lakini kukosea mtungi hakumdhuru mtu. Kuamini kwamba jirani ametia sumu kisimani kunaweza kuleta ngumi. Ushahidi unaotosha kwa shanga hautoshi kwa jirani.

Hapo ndipo yanapoingia mafunzo ya Steffen Moritz wa Hamburg na Todd Woodward wa Kanada. Wagonjwa wa skizofrenia hukaa katika kikundi kidogo mbele ya picha inayochorwa hatua kwa hatua. Mistari ya mwanzo inaonekana kama limau. Mchoro ukikamilika, ni chura. Kisha huja picha ya ufukweni, na baadaye wengi huapa waliona kitu ambacho hakikuwamo. Mkufunzi hagusi kwanza imani ya mtu yeyote. Anaonyesha jinsi akili ya kila binadamu inavyokurupuka.

Uchambuzi wa mwaka 2022, uliojumuisha tafiti 43 za mafunzo haya na washiriki 1,816, ulionyesha kuwa imani potofu hupungua, ingawa kwa kiasi. Dawa haziachwi.

Washiriki hupewa pia kadi ya manjano ya kubeba mfukoni, yenye maswali matatu: ushahidi ni upi? Kuna maelezo mengine? Na hata kama ni kweli, je, ninapitiliza? Swali hilo la mwisho halimdai mgonjwa aikane imani yake kabla ya kuamua atafanya nini.