Jua Nalo Lilichelewa

Stima ikipotea hapa Rongai, Nakuru, anga hushuka karibu kabisa. Malori ya Salgaa husikika kwa mbali, na Njia Nyeupe huonekana juu ya mahindi. Usiku mmoja kama huo nilikuwa kwa simu, nikitazama picha za wenzangu wamevaa majoho ya mahafali. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Mama alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili niingie. Nilikuwa nimemwambia tuko kwa likizo ndefu.

Nikajiuliza: ni nani aliyepanga saa ya mtu kung'aa?

Wanaastronomia nao hupima jambo kama hilo. Mwanga huchukua muda kusafiri, kwa hivyo galaksi ya mbali tunaiona jinsi ilivyokuwa zamani. Ukizipanga kwa umbali, umepanga historia. Kisha unauliza: kila enzi, nyota ngapi zilizaliwa? Kasi ilipanda, ikafika kilele kama miaka bilioni 10 iliyopita, na tangu hapo imeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Jua letu lina miaka bilioni 4.6. Yaani lilifika sherehe ikiwa imepoa, na bado uhai wote tunaoujua uko kwake.

Faraja tamu, si ndiyo? Lakini angalia hesabu yenyewe. Zinazoonekana kwanza ni nyota kubwa za buluu, zinazowaka vikali na kufa baada ya miaka milioni chache tu. Ndogo kama Jua hazionekani moja moja kutoka huko mbali; idadi yao hukisiwa kutokana na zile kubwa. Tena vumbi humeza mwanga mwingi. Usipopima infraredi, utadhani galaksi imelala kumbe inazaa kweli kweli.

Sisi pia hupimana hivyo mtaani. Tunahesabu wanaowaka: gari, joho, harusi. Anayeamka saa kumi alfajiri kukamua yuko ndani ya vumbi. Kipimo hakidanganyi, kinasema ngapi na lini. Ni sisi tunaokiuliza nani ana thamani, swali ambalo hakikuundiwa.

Ila hapo ndipo nyota ziliponiacha. Hakuna aliyeuza ng'ombe ili Jua liwake. Jua halina deni, mimi ninalo. Kuchelewa kufanikiwa si kosa, na sitaomba mtu msamaha kwa hilo. Lakini Mama ananidai ukweli, na huo pia nilikuwa nimeuchelewesha.

Asubuhi nilimkuta akikamua ng'ombe aliyebaki. Nikamwambia yote. Alinyamaza muda mrefu, mikono ikiendelea na kazi. Hakuniuliza kwa nini niliacha chuo. Aliuliza, "Na mbona umekaa nayo peke yako miezi hii yote?"

Bado natafuta jibu la hilo.