Namba 31 yupo



Leo naomba nikusimulie jambo ambalo nimelibeba kwa muda, halafu tulitafakari pamoja. Swali lenyewe ni fupi: je, ni dhambi kuandika kwamba mtu yupo wakati hayupo? Ukilisikia hivi hivi unaweza kucheka, ukasema hilo nalo ni swali? Hata mimi ningecheka, zamani kidogo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa wetu wa Katavi, upande wa Mpimbwe. Kwa wasiopafahamu: ukitoka Mpanda mjini unapita Sitalike, basi linaingia katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na hapo abiria wanakumbushana kufunga madirisha kwa sababu ya mbung'o, hata joto liwe kali namna gani. Ukitokea upande wa pili unaelekea kwenye bonde la mpunga. Ndiko niliko. Shule siitaji, na ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini.

Kengele yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Ikigongwa watoto wanafagia uwanja, wanapanga mistari, mwalimu wa zamu anakagua kucha, wanaimba, wanaingia darasani. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na darasa la nne, watoto 87. Kabla sijafundisha lolote nafungua rejista na kuita mahudhurio. Sasa, majina 87 ukiyaita yote vizuri yanakula sehemu kubwa ya kipindi. Nikajifunza njia ya mkato: naita namba. "Moja!" "Nipo, mwalimu!" "Mbili!" "Nipo!" Nikifika kwa ambaye hajaja, wenzake wanadakia kwa pamoja, "Hayupo!" na mimi natia alama ya utoro na kuendelea.

Binti ninayemzungumzia alikuwa namba 31. Alikuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi, mwandiko mzuri kuliko wangu, na alikuwa akiishi na bibi yake.

Ilipofika mwezi wa tatu namba 31 akaanza kukosekana. Mwanzoni siku moja moja, baadaye wiki nzima. Kila mtu huku anajua sababu. Mpunga ukianza kutoa masuke ndege wanashuka kama wingu, na lazima mtu akae kwenye dungu tangu alfajiri na kumbeo lake, apige kelele, arushe udongo, mpaka jua lizame. Kazi ya kuamia ndege ni ya watoto. Mtu mzima analima na kuvuna, mtoto anaamia. Na bibi yake macho yalikuwa yameshaanza kufa, ndege hawaoni mpaka wameshatua.

Nilikwenda kwao jioni moja. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba baba, karibu mwalimu." Akanipa kigoda. Nikamweleza kwamba mjukuu wake anakosa masomo, na mwaka huo wana upimaji wa darasa la nne. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, baba yangu, najua. Lakini ndege wakila ule mpunga, huyu mtoto utamkuta shuleni na njaa. Na ukimwandika mtoro, mtendaji atakuja kwangu. Nina nini cha kumpa?"

Hapo anayeishi mjini aelewe kitu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto aliyeandikishwa ahudhurie shule mpaka amalize, na mzazi au mlezi anayezembea anaweza kuchukuliwa hatua. Ni sheria nzuri, na bila hiyo wengi wetu tungekuwa tunachunga ng'ombe mpaka leo. Na ada hakuna. Lakini sheria haina shamba la mpunga, na haioni tofauti kati ya baba aliyelewa pombe na bibi asiyeona ndege.

Nikasema moyoni, huyu ni mjane, na Maandiko yanasema nini juu ya wajane? Nikamwambia, "Bibi, usijali. Nitajua la kufanya."

Kuanzia siku iliyofuata, nilipofika namba 31, watoto waliposema "Hayupo!" mimi niliandika yupo.

Nikuambie ukweli, nilijisikia vizuri. Nilijiona kama nimeielewa Injili kuliko walioandika sheria. Na kulikuwa na faida nyingine ambayo sikuitafuta, ila sikuikataa: mahudhurio ya darasa langu yalipanda. Tukiwa kwenye kikao mwalimu mkuu akanisifu mbele ya wenzangu. Basi nikaona kama kuna namba 31, kwa nini asiwepo na namba 8, ambaye baba yake amehamia kambi ya ng'ombe? Na namba 60 je? Mwezi wa nne ulipoisha, kwenye karatasi nilikuwa na darasa ambalo halikuwahi kukaa mbele yangu hata siku moja.

Mpunga ukavunwa. Namba 31 hakurudi. Nikasema atakuwa anapumzika, nikaandika yupo. Wiki ya pili, yupo. Wiki ya tatu mtoto mmoja akaniambia huku anafuta ubao, kama jambo la kawaida tu: "Mwalimu, yule si alishaondoka na basi?"

Kumbe alikuwa amekuja mwanamke aliyejitambulisha kama ndugu wa mbali, akamwambia bibi kwamba atampeleka mtoto mjini akajifunze cherehani. Bibi alikubali. Akaachiwa namba ya simu, na baada ya siku chache ile namba ikawa haipatikani. Bibi akaenda ofisi ya kijiji akiongozwa kwa mkono na jirani, akalia kwamba mjukuu wake hajulikani alipo. Mtendaji akafanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya: akatuma mtu shuleni kuomba rejista, ajue mtoto alionekana mara ya mwisho lini.

Rejista ilionyesha kwamba alikuwa darasani Ijumaa iliyopita.

Niliitwa. Mtendaji akanigeuzia lile daftari, akaweka kidole, akauliza bila hasira yoyote, "Mwalimu, mbona hapa yupo?" Na bibi alikuwa amekaa pale pale. Akanyanyua uso na kusema, "Kumbe yupo?" Kwa sauti ya matumaini, ndugu yangu. Alidhani nimemwona.

Naomba nisieleze sana kilichofuata siku ile. Nilisema ukweli, nikapata barua yangu, nikastahili.

Usinifikirie kwamba nakuza mambo. Mtoto wa kike kutoonekana shuleni, kwetu Katavi, si jambo la kupuuza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 uliutaja mkoa wetu kuwa wa kwanza nchini kwa mimba za utotoni: kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, asilimia 45 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliojifungua warudi shuleni, na hilo ni jema. Lakini anayerudi ni yule ambaye kuna mtu alijua kwamba ameondoka.

Nilikwenda kuungama. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea, maana nilikuwa nimesoma kidogo. Mtakatifu Augustino aliandika kitabu kizima juu ya uongo yapata mwaka 395, akapanga aina nane. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye akaja akataja tatu: uongo wa kudhuru, wa utani na wa kusaidia. Wote wawili wanasema hata ule wa kusaidia ni dhambi, ingawa ni nyepesi kuliko wa kudhuru. Mimi nikamwambia Padre, wangu ulikuwa wa kusaidia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Ulikuwa unamsaidia nani?"

Swali lile nilitoka nalo. Nilitaka kujibu haraka, bibi. Lakini hebu tupige hesabu. Bibi aliepushwa na mtendaji kwa miezi miwili, sawa. Na mimi je? Niliepuka kwenda naye ofisini kumtetea. Niliepuka kusimama kwenye kikao cha wazazi na kusema, jamani, kwa nini tusipeane zamu kuamia mashamba ya wasiojiweza ili watoto wao wasome? Niliepuka kumwambia mwalimu mkuu kwamba darasa langu nusu linakuwa shambani msimu wa ndege. Hata kumfundisha yule binti jioni, nikiwa nimeshamwandika yupo, sikuona haja. Ameshafundishwa, rejista inasema. Huruma yangu yote ilinigharimu wino.

Augustino huyo huyo anasimulia habari ya Firmo, askofu wa Thagaste, mji ambao Augustino mwenyewe alizaliwa. Mtu alikuwa anatafutwa na wakuu, akakimbilia kwake, Firmo akamficha. Watu wa mfalme wakaja kuuliza. Firmo hakusema hayupo. Alisema kwamba hawezi kudanganya, na hawezi pia kumtoa mtu wake. Wakamtesa, akabaki hapo hapo. Akapelekwa mbele ya mfalme, na mfalme alipoona uthabiti wake akamsamehe yule mtu. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni habari ya kukataza uongo tu. Sasa naona kwamba Firmo aliyachukua mateso yakawa yake. Angedanganya, asingeguswa.

Rafiki yangu mmoja wa VIWAWA nilipomsimulia alinibishia, na namheshimu kwa hilo. Alisema, "Aisee, unajilaumu bure. Ungeandika mtoro bibi angepigwa faini, na yule mwanamke angekuja vile vile." Inawezekana. Na ninakubali kabisa kwamba kuna walimu wanaoandika utoro mara arobaini bila kuinuka kitini, wakafunga daftari na dhamiri safi. Huo ni ukweli usio na miguu, na sidhani kama mbele za Mungu unazidi sana uongo wangu. Lakini yule mchungaji wa Luka sura ya 15, kabla ya kuacha wale tisini na tisa na kwenda kutafuta, alifanya kitu ambacho hatukitaji kwenye mahubiri: alihesabu. Akapata tisini na tisa, na hakujiambia ni mia.

Kuna jambo lingine, ambalo lilinijia baadaye. Sisi walimu nasi tuna daftari letu la kusaini. Mara ngapi nimesaini asubuhi nikapanda pikipiki kwenda Mpanda benki, na wenzangu wakasema yupo, yuko chooni? Mwaka uliofuata vijana wa parokia tulikwenda hija Karema, kule ziwani, na tulisimuliwa habari za daktari na katekista Adriano Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, huko ambako leo ni Mali, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alibaki pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Mimi nikimaliza miaka mitatu bila kuomba uhamisho najiona shujaa. Nilikaa kwenye ukuta wa kanisa nikiwaza wale mama waliotembea usiku na mtoto mwenye homa mgongoni mpaka mlangoni kwake, na wakabisha hodi, na yeye akawa yupo kweli.

Namba 31 alipatikana mwezi wa tisa. Hakuwa mbali kama tulivyoogopa, alikuwa ameajiriwa kuosha vyombo na kulala jikoni kwenye nyumba ya watu, mji mwingine. Jirani mmoja wa mwenye nyumba ndiye aliyeuliza maswali. Alirudi amekonda, na yaliyompata huko hajanieleza, wala si mimi wa kuelezwa. Sasa anasoma shule nyingine, anakaa na shangazi yake. Nilimwomba msamaha bibi. Aliniambia, "Na mimi nilimpa ruhusa ya kuondoka, baba. Tutaomba wote." Mtoto mwenyewe nilipomwomba msamaha aliangalia chini, akasema "Asante mwalimu," kwa adabu. Sikujua kama amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza.

Mwaka huu nina watoto 91. Naita majina, siyo namba, na kipindi cha kwanza kinaumia, na mkuu wa taaluma ameshalalamika. Mahudhurio yangu ni ya mwisho shuleni kwa miezi miwili mfululizo. Jumatatu iliyopita mvulana mmoja hakuitika. Nikaandika mtoro. Saa kumi jioni nikaazima baiskeli, nikamkuta juu ya dungu, kumbeo mkononi, sauti imeshakauka kwa kupiga kelele. Mama yake anauguza mtoto mchanga. Tulikubaliana kwamba kesho yake tutakwenda kwa mtendaji wote watatu. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa bado halijazama na ndege walikuwa bado wanashuka, nikapanda dungu, nikamwambia ateremke akanywe uji.