Muhula wa Baridi Hushikwa Januari

Wewe uliyetoka Mombasa, Kigoma, Bukavu au Bujumbura ukaja kusomea kazi huku Ontario, muhula huu wa Januari hadi Aprili ndio utakaokupima. Wiki ni chache, masomo yamebanana, na mafunzo kwa vitendo yanakungoja mlangoni. Vijana wetu wengi huangukia hapa, wala siamini kwamba wanaanguka kwa kukosa akili. Mtu aliyeingia darasani akiwa tayari na lugha tatu kichwani hakosi akili. Wanaangushwa na karatasi iliyochelewa, zamu ya usiku iliyoongezwa, basi lililokwama kwenye theluji siku ya mtihani. Hayo yote unaweza kuyawahi. Inuka uyawahi sasa, mwaka ungali mchanga.

Anza na karatasi, kwa sababu karatasi haziombeki. Kama unasomea uhudumu wa wazee, uuguzi au kazi yoyote ya afya, hospitali au nyumba ya wazee haitakupokea bila cheti cha polisi cha watu wanaohudumia wanyonge, kumbukumbu za chanjo, kipimo cha kifua kikuu, cheti cha huduma ya kwanza, na mara nyingi uthibitisho kwamba barakoa ya N95 inakukaa sawasawa usoni. Kipimo cha kifua kikuu cha ngozi peke yake huwa na hatua mbili: unachomwa sindano, unarudi baada ya saa 48 hadi 72 mkono ukaangaliwe, unasubiri wiki moja hadi tatu, unachomwa tena, unarudi tena. Hesabu mwenyewe. Anayeanza Machi tayari amechelewa. Cheti cha polisi nacho, ukiitwa kuchukuliwa alama za vidole, kinakwenda kwa mwendo wake na si kwa mwendo wako.

Kadi yako ya kliniki, ile yenye chanjo za utotoni, iko wapi? Kwa wengi wetu iko nyumbani, kabatini kwa mama, imefungwa na vyeti vya kuzaliwa. Mpigie leo akutumie picha. Kama kadi ilipotelea njiani au kambini, usikate tamaa: mwambie daktari au muuguzi wa chuo, maana kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kinga ulizo nazo, na chanjo zinazokosekana zinaweza kurudiwa. Kinachotakiwa ni muda, na Januari muda upo.

Sasa tuseme la fedha, ambalo watu hulizungukazunguka. Januari kule nyumbani shule zinafunguliwa. Simu zitaita: karo ya mdogo wako, sare, madaftari, kodi ya shangazi. Nawe una moyo, huwezi kunyamaza. Hapo ndipo wengi huchukua zamu ya ziada, kisha nyingine, na kufikia Februari wanasinzia darasani. Ndugu yangu, kaa na watu wako uwaambie ukweli mapema: kiasi hiki nitatuma, kila mwezi, mpaka nimalize, nikimaliza tutazungumza upya. Wazee wetu wanaelewa ahadi yenye mpaka kuliko ukimya. Na kama uko huku kwa kibali cha masomo, kumbuka kwamba sheria inakuruhusu kufanya kazi nje ya chuo saa 24 kwa wiki masomo yakiendelea, basi. Mwajiri anayekuhimiza upitishe hapo hatakuwepo siku kibali kitakapohojiwa. Kataa. Kataa kwa adabu, lakini kataa!

Baridi yenyewe inashindika. Huduma ya hali ya hewa ya Kanada huonya kwamba baridi ya upepo ikifika kati ya -28 na -39, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30, na muda huo ni sawa na kungoja basi moja. Vaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine badala ya koti moja zito, maana darasani kuna joto la kukutoa jasho. Buti lenye kushika barafu, glavu, kofia ya kufunika masikio, na soksi kavu za akiba ndani ya mkoba. Maduka ya mitumba yanayo yote hayo kwa bei ya mwanafunzi. Usiku kabla ya kulala, tazama utabiri. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, soma barua pepe ya chuo. Theluji ikitabiriwa, toka mapema kwa basi moja zaidi.

Giza ndilo gumu. Sisi tuliozoea jua la ikweta linalotoka na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima, hatukuandaliwa kwa Toronto ya Januari, ambako jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama mnamo saa kumi na moja jioni. Unaingia darasani gizani, unatoka gizani. Mwili unalegea na mtu anaanza kujiita mvivu. Wewe si mvivu, mwanga umepungua. Toka nje mchana, hata dakika chache, hata kama jua halina joto. Muulize mfamasia kuhusu vitamini D. Kula na wenzako mara moja kwa wiki, ugali wa pamoja una dawa yake. Na uzito ukizidi hata ukaanza kuona heri usiwepo, piga 988 au tuma ujumbe. Wanapokea saa zote, kwa Kiingereza na Kifaransa. Tunakuhitaji hai kuliko tunavyokuhitaji na cheti.

Ukiona somo linakuzidi, mwone mwalimu wiki ya pili, si wiki ya kumi. Uliza pia tarehe ya mwisho ya kuacha somo bila kupoteza ada. Kwenye chuo cha binafsi hiyo imo kwenye mkataba ulioutia sahihi, usome. Wiki ya mapumziko ya Februari ni ya kufidia kazi zilizobaki, kisha kulala. Mwisho wa Februari chuo kinatakiwa kiwe kimetoa fomu ya T2202 ya ada uliyolipa. Itunze, maana marejesho ya kodi kwa wengi wetu hupelekwa kufikia Aprili 30, na hata mwenye kipato kidogo anaweza kupata chochote. Zipo kliniki za kodi za kujaziwa fomu bure na watu wa kujitolea. Jumapili ya pili ya Machi saa zinasogezwa mbele, na tofauti yetu na Nairobi inashuka kutoka saa 8 hadi 7. Jumatatu yake usichelewe.

Sasa weka makala hii chini, chukua simu, umwandikie mratibu wa mafunzo kwa vitendo: naomba orodha kamili ya karatasi ninazotakiwa kuleta, na tarehe ya mwisho ya kila moja. Ukishatuma, mpigie mama kuhusu ile kadi.